Ngoma Iliyoufungua Mto Wayu

Mpo?

Tupo, bibi!

Na masikio mmekuja nayo, au mmeyaacha kwenye banda la nguruwe?

Tumekuja nayo!

Basi sogeeni. Mvua hii haina nia ya kukatika leo, na mahindi haya hayatajipukuchua yenyewe. Kila mmoja achukue hindi lake, apukuchue huku anasikiliza. Wewe Lochan, mwache huyo paka, hajakukosea kitu.

Zamani zile, zamani za mbali, kabla bibi wa bibi yangu hajaota jino la kwanza, wakati milima hii ilikuwa bado inasogeasogea kutafuta pa kulala, walikuwapo watu wetu, Wakiranti. Walikuwapo mabondeni, walikuwapo migongoni mwa milima. Walilima ulezi, wakafuga nguruwe na kuku, wakapika pombe ya ulezi na kuinywa ya moto kwa mrija wa mwanzi. Na walisema! Loo, wajukuu zangu, watu wale walisema! Kila bonde na lugha yake. Ukivuka mgongo wa mlima, lugha nyingine. Ukivuka mto, lugha nyingine. Mtu alikwenda kwa jirani wa ng'ambo kuomba mbegu ya tangawizi, akarudi na mbegu, lakini alichoambiwa njia nzima hakukijua.

Nini, Binsa? Hata leo ni hivyo? Ndiyo, hata leo ni hivyo. Mama yako si aliolewa hapa kutoka bonde la pili, hajui hata kuomba maji ya kunywa? Sasa sisi ndio tunaomba anyamaze kidogo. Cheka, cheka, lakini pukuchua.

Basi palikuwa na kijiji kinaitwa Sumlung, kule chini kabisa, kando ya Mto Wayu. Nyumba ya mwisho kuelekea mtoni ilikuwa ya mjane mmoja, jina lake Chakhuma. Huyo mama alikuwa na mdomo! Akikusema asubuhi, mpaka jioni masikio bado ya moto. Alikuwa na mwana mmoja, Wapahang, kijana mpole asiye na makuu. Na Wapahang alikuwa ameoa msichana wa bonde la juu, kijiji cha Yakhuwa, mto unakoanzia. Jina lake Namsima. Alikuwa bado mgeni mgeni, lugha ya Sumlung ikimkwama kwenye meno, na mama mkwe wake akimsahihisha kuanzia kuchota maji mpaka kuzima taa.

Sasa tazameni hapa. Mnayaona haya mawe matatu yaliyobeba chungu changu? Mtoto wa mjini atasema ni meko. Sisi tunajua. Mzee wa matambiko akishayasimika, akishawaita mababu kutoka walikotoka, kituo kwa kituo, mto kwa mto, mpaka waingie ndani na kuketi hapa, basi wameketi. Mawe hayahamishwi. Moto hauachwi upoe. Ndivyo tulivyo sisi, na ndivyo walivyokuwa wao.

Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha mpaka watu wamechoka kuisema, mto ukanyamaza.

Mnaelewa nasema nini? Mto Wayu haukuwahi kunyamaza. Watoto walizaliwa wakiusikia, wazee walikufa wakiusikia. Asubuhi ile watu waliamka wakadhani masikio yao yameziba. Walipotoka wakakuta mto umebaki vidimbwi, na samaki wanarukaruka juu ya mawe. Basi furaha gani hiyo! Watu wakakimbia na vikapu, na vyungu, mwingine na kofia. Wakaokota samaki huku wanaimba. Wajinga hao! Babu zenu na bibi zenu, lakini wajinga.

Namsima yeye alipofika mtoni akaangusha kikapu chake. Akamshika mume wake mkono.

"Wanashangilia nini hawa?" akauliza. "Wapahang, kwetu mto ukinyamaza watu hupanda mlima kwanza, maswali baadaye. Twende."

Wakapanda. Wakapanda, wakapanda, wakapanda, mpaka magoti yakaanza kulalamika. Wakafika pale bonde linapobana. Lahaula! Ubavu mzima wa mlima ulikuwa umemeguka, umeshuka na miti yake na mawe yake, umelala katikati ya mto. Na nyuma yake maji yalikuwa yamekusanyika. Ziwa jipya, la matope, limejaa miti inayoelea. Na lilikuwa linapanda. Ulikuwa ukiweka jiwe ukingoni, ukigeuka kulitazama, halipo.

Wapahang hakuwa mtu wa maneno. Akasema tu, "Likipasuka hili, Sumlung hakuna."

Wakarudi mbio. Habari ikaenea, samaki wakatupwa, watu wakaanza kufungua mbuzi na kubeba watoto kupanda nao juu. Namsima akaingia ndani, akamkuta mama mkwe wake anachochea moto.

"Mama, twende. Maji yanakuja."

"Yaje."

"Mama, mlima umeziba mto. Kizibo hicho kikiachia, nyumba hii itakuwa ya kwanza kubebwa."

"Nimekusikia, si kiziwi mimi. Yakija yatanikuta nimekaa."

Wapahang akapiga magoti. "Mama, ni mawe tu haya. Nitakujengea mengine huko juu."

Ah! Asingesema. Chakhuma akainua mwiko, na Wapahang, mwanamume mwenye ndevu, akarudi nyuma kama mtoto.

"Mawe tu? Baba yako yumo hapa. Baba wa baba yako yumo hapa. Walitembea kutoka nchi za tambarare mpaka kwenye moto huu, na mimi ndiye niliyeahidi kwamba hautapoa. Nikiondoka, nani atawapa chakula? Nendeni nyie. Wewe mkwe wangu, mchukue mume wako, nendeni. Mimi sina hasira na nyie."

Na hilo ndilo lililomchoma Namsima. Angetukanwa angevumilia, alikuwa amezoea. Lakini mama yule mkali alisema kwa upole, kama mtu anayeaga. Namsima akatoka nje akalia waziwazi, mbele za watu, bila aibu.

Na mambo hayakuishia hapo. Wazee wengine waliposikia kwamba Chakhuma haondoki, nao wakarudi ndani, nyumba kwa nyumba, kila mmoja akaketi kando ya mawe yake. Nani angekubali kuonekana anawapenda mababu kidogo kuliko Chakhuma?

Namsima akafuta machozi. Akamwambia mume wake, "Kama hawa hawaondoki, basi maji ndiyo yaondolewe. Tukalifungue ziwa lile taratibu, kabla halijajifungua lenyewe."

"Sisi wawili?"

"Piga pembe."

Pembe ya nyati ikapigwa, na moshi ukawashwa juu ya mlima. Wakaja watu wa Yakhuwa kutoka juu, maana ziwa lilikuwa limeanza kula mashamba yao. Wakaja watu wa Dingwa kutoka ng'ambo, maana binti zao wengi walikuwa wameolewa Sumlung. Wakaja na majembe, na mitaimbo ya mti mgumu, na vile visu vyetu vilivyopinda, na vikapu vya mgongoni vyenye mkanda wa kuvaa kwenye paji la uso. Umati mkubwa! Mngesema kazi imekwisha.

Haikuanza hata kuanza. Unajua kwa nini? Wazee wa matambiko! Kila kijiji kilikuja na mzee wake, na kwetu mto haupigwi jembe bila kwanza kuongeleshwa. Mzee wa Sumlung akasimama kuuongelesha kwa lugha ya Sumlung. Mzee wa Dingwa akasimama naye, kwa lugha ya Dingwa. Yule wa Yakhuwa akasema, nadhani alisema, kwamba mto unazaliwa kwao, kwa hiyo waanze wao. Na maneno yale ya matambiko ukishayaanza hayakatwi. Lazima umtaje kila babu na kila kituo, tangu tambarare mpaka kileleni. Basi wakasimama pale wazee watatu, kila mmoja na kibuyu chake cha pombe, kila mmoja anataja vituo, kila mmoja anapandisha sauti ili amfunike mwenzake. Ziwa nalo linapanda. Mimi ningekuwapo ningewasukuma humo ndani wote watatu.

Walipomaliza, sauti zimekauka, watu wakaanza kuchimba. Namsima alikuwa amewaonyesha mahali: si katikati, kwenye udongo laini, maana maji yangeula wote mara moja, bali pembeni, penye mwamba, ili yatoke kwa kiasi. Lakini jamani, kelele! Huyu anapiga kelele kwa lugha hii, yule kwa lugha ile. Wa Sumlung wanasukuma, wa Dingwa wanavuta, wa Yakhuwa wamesimama wanauliza ni sasa au bado. Wakatia mitaimbo chini ya jiwe moja kubwa sana lililoziba njia. Upande mmoja ukainua, upande mwingine haukuinua. Jiwe likageuka, likateleza, likapita karibu sana na kijana mmoja wa Dingwa likamchuna mguu wote.

Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu wa Dingwa wakambeba mtu wao, wakaanza kufunga vikapu vyao. Watu wa Sumlung wakawapigia kelele, "Mnakimbia!" Wa Dingwa hawakuelewa neno, lakini sauti ya dharau haihitaji mkalimani. Wakajibu. Majembe yakaanza kushikwa kwa namna ambayo jembe halishikwi shambani.

Namsima alikuwa juu ya mwamba, mikono imechubuka, anatazama. Kule chini aliona moshi mwembamba unatoka kwenye paa la nyumba ya mwisho. Mama mkwe wake alikuwa bado anachochea moto.

Kati ya watu wa Dingwa palikuwa na mzee mmoja, Khimpa, mpiga ngoma. Alikuwa amekuja na ngoma yake kubwa shingoni. Kwenye kazi ya kuchimba, ngoma ya nini? Wenzake walisema hata kuoga anaoga nayo, maana mke wake alishaapa kwamba siku akiiacha nyumbani ataifanya kiti. Namsima akamwona anaondoka, na ngoma ile inamgongagonga tumboni, du, du, du.

Akaruka chini. Akakimbia akamzuia njia. Lugha ya Dingwa hakuijua hata neno moja. Akaweka kiganja juu ya ngoma. Akamtazama mzee usoni. Kisha akaanza kucheza.

Ndiyo, kucheza! Pale pale, kwenye matope.

Nyie mnaijua sakela. Kila mwaka ndege wanapopanda milimani tunaicheza, na wanaposhuka tunaicheza tena. Tunazunguka duara, kiongozi mbele, na miguu na mikono inasema kazi zote tulizofundishwa na waliotutangulia. Hii ya kufyeka. Hii ya kulima. Hii ya kubeba. Hii ya kuvuna. Binsa, kaa chini, utacheza baadaye. Hakuna bonde la Wakiranti lisiloijua. Lugha nyingi, lakini mguu wa kulima ni mguu wa kulima.

Namsima akacheza mguu wa kulima. Mzee Khimpa akamtazama. Akatazama ziwa. Akatazama watu walioshikana mashati. Kisha akacheka, akavuta ngoma yake katikati ya tumbo, akapiga.

Du-du-dung! Du-du-dung!

Jamani, miguu ya watu haina subira. Mtu ameinua ngumi ampige mwenzake, mguu umeshaanza. Wakageuka wote. Wakaona mwanamke kijana, mke aliyeolewa juzi, asiyeruhusiwa kuongoza ngoma kijijini kwa mume wake, ameshika jembe badala ya tawi la majani, anaongoza. Mzee wa matambiko wa Sumlung akafungua mdomo akemee. Wapahang, yule mpole asiye na makuu, akamshika bega akamwambia, "Mzee, leo mwache." Akaingia nyuma ya mke wake. Nyuma yake akaingia mtu wa Yakhuwa. Nyuma yake, huku anachechemea na mguu umefungwa majani, akaingia yule kijana wa Dingwa.

Du-du-dung, majembe yanapanda. Du-du-dung, majembe yanashuka. Ngoma ikabadilika ikawa ya kubeba, vikapu vikajaa, vikapita mgongo kwa mgongo. Ngoma ikawa ya kufyeka, miti iliyolala ikakatwa. Hakuna aliyesema sukuma, hakuna aliyesema vuta. Wakarudi kwenye lile jiwe kubwa. Mitaimbo chini. Khimpa akapiga polepole, polepole, watu wamebana pumzi, halafu dung! Wote kwa mara moja! Jiwe likang'oka, likabingirika upande wa bonde, na kelele iliyopigwa pale, wajukuu zangu, hiyo haikuwa lugha ya mtu na ilikuwa lugha ya wote.

Wakachimba. Mvua inanyesha, wanachimba. Mikono inatoka damu, wanachimba. Mpaka ukabaki ukuta mwembamba tu kati ya mtaro na ziwa, na maji yameanza kuupenya. Sasa hapo ndipo pa hatari. Watu wamejaa mtaroni. Ukuta ukikatwa, nani atawaambia watoke, kwa lugha ipi, na kwa haraka gani? Akibaki nyuma hata mmoja, amekwenda.

Namsima akapiga jembe la mwisho. Maji yakaruka yakamlowesha kifua. Akatupa jembe, akainua mikono yote miwili, akaipunga.

Mguu gani huo? Semeni!

Mguu wa ndege, bibi! Ndege wanapanda!

Ndege wanapanda! Khimpa akaona, akapiga ngoma ya ndege, na umati mzima, wa lugha zote, bila kuambiwa neno, ukageuka ukapanda ukingo kwa mkupuo mmoja. Walipofika juu wakageuka kutazama. Maji yalikuwa yanapita pale walipokuwa wamesimama, ya matope, ya nguvu, lakini yamebanwa na mwamba. Yalitoka kwa kiasi. Ziwa likaanza kushuka, shubiri baada ya shubiri, na halikupasuka.

Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Wanaume wazima walilia. Lakini Namsima hakungoja kukumbatiwa na mtu. Alishuka mlima anakimbia, anaanguka, anainuka. Maji yalikuwa yamemtangulia. Aliyaona yamebeba daraja. Aliyaona yamelala juu ya shamba la ulezi. Banda la nguruwe halikuwapo tena. Akafika kwenye nyumba ya mwisho, anaogopa kutazama.

Maji yalikuwa yamefika kizingitini. Yalikuwa yamelamba kizingiti, yakageuka yakaenda zao.

Chakhuma alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Umechelewa," akasema. "Na matope yote hayo usiniingize nayo ndani." Kisha mwiko ukamwanguka, akamkamata yule binti akamkumbatia na matope yake yote, akalia kwa sauti ambayo mwanawe hakuwahi kuisikia tangu siku ya kumzika baba yake.

Jioni ile watu wote walishuka Sumlung, wa Yakhuwa, wa Dingwa, wote, wachovu, wana njaa, wanacheka ovyo. Chakhuma akafungua mitungi yake yote ya ulezi uliochachushwa wa pombe. Wageni wakataka kutoa shukrani, kila mtu na kipande cha tangawizi cha kuweka mbele ya mawe, kila mtu na maneno ya kwao. Mzee wa matambiko wa Sumlung akasimama mlangoni akanyoosha mkono.

"Haiwezekani. Hapa wanaketi mababu wa nyumba hii, wanaongeleshwa kwa lugha ya nyumba hii. Hawa watasema nini, na nani atawaelewa?"

Chakhuma alikuwa anamimina maji ya moto kwenye ulezi wa pombe. Hakugeuka hata kumtazama.

"Kaa chini, mzee wangu, unywe," akasema. "Mababu waliomo humu leo wameokolewa na watu wa lugha tatu. Unadhani wana shukrani kwa lugha moja tu? Wapishe watu wapite."

Wakapita. Mmoja mmoja, wakainama kwenye mawe matatu, wakasema. Kwa lugha ya Yakhuwa, kwa lugha ya Dingwa, kwa lugha ya Sumlung. Mwisho akaja Namsima. Alianza kwa lugha ya mume wake, ikamkwama kwenye meno kama kawaida yake, na mama mkwe akamgusa mgongo.

"Sema kwa ya mama yako, mwanangu," akasema. "Na useme kwa sauti. Nataka wasikie aliyewaokoa anatoka wapi."

Basi, wajukuu zangu, tangu hapo milima yetu haikupunguza lugha hata moja kwa ajili ya ule mto. Makabila yote ya Wakiranti yapo na lugha zao: Warai na zao, Walimbu na yao, Wayakha na yao, Wasunuwari na yao. Na mimi nawaambieni: mtu akija kukusaidia usimwambie kwanza aukate ulimi wake aazime wako. Tafuteni kile ambacho miguu yenu yote inakijua, mkifanye, halafu kila mtu akakisimulie kwao kwa maneno yake. Na ukioa au ukiolewa ng'ambo, usione aibu na lugha uliyonyonya. Siku moja utatakiwa uiseme kwa sauti.

Kisa nimekitua hapa jikoni. Anayekitaka akitie kikapuni, avae mkanda kwenye paji la uso, aukaze, asikimwage njiani.